Vyeo vya Ufalme wa Wesmera

Guangzhou, 3 Machi 2024

Ami yangu Abdulwakil,

Assalaam alaykum. Nakushika miguu, na Mama Zainabu namshika miguu pia. Natumai goti lako linakupa nafasi ya kufika msikitini, na lile paa la darini limepatiwa fundi kabla masika hayajaingia. Mimi mzima, sina neno. Baridi imeondoka imetuachia unyevu usio na adabu: kuta za bweni zinatoka jasho, na kanzu niliyoifua Jumatatu, leo Jumapili bado mbichi.

Barua hii anakuletea Murshid, yule mwenye maduka ya nguo Darajani. Alikuja Guangzhou kuchukua mzigo na anarudi Alkhamisi. Ningekupigia simu, lakini nakumbuka kauli yako kwamba simu ni ya kutangazia maiti na kuulizia bei ya samaki, na mwenye jambo la maana hukaa akaandika. Basi nimekaa.

Nimepata kibarua, Ami, kando ya masomo. Kuna kampuni hapa inatengeneza michezo ya kwenye simu, na mmoja wanataka uingie Afrika Mashariki kwa Kiswahili. Ni ufalme wa kubuni, unaitwa Wesmera, umeigwa kwa Waingereza wa kale kabisa, wale wa mapanga na kumbi za mbao, kabla hawajaijua chai. Kila mchezaji ana cheo. Juu yuko mfalme. Chini yake Aldamani, anatawala jimbo na kuongoza jeshi lake. Kisha Thegni: askari wa kuaminiwa, mwenye ardhi yake, upanga wake, na kiti chake katika ukumbi wa mfalme. Halafu Rivi, mkusanya kodi na mwamuzi wa kesi ndogo. Halafu Keoli, mkulima huru, ambaye vita vikija hubeba mkuki akaingia safuni. Chini kabisa Theo, mtumwa. Laoban, ndivyo wanavyomwita bosi huku, hataki majina haya yabaki. Anataka mtu wa Tanga akipandishwa cheo asisimke mwili. Mashine yao ya kutafsiri imemwita Thegni "meneja". Ukanijia akilini wewe, uliyefundisha Kiswahili miaka yote hiyo na ukamsahihisha hata khatibu.

Kuna na jambo jingine, na hili ndilo lililonikalisha. Mtu akitaka kuoa humtuma baba yake. Baba yangu Gharib alikufa nikiwa mdogo, na baba niliyenaye ni wewe, ndugu yake, uliyenilea. Na msichana ninayemtaka ni Swalha, binti yako na Mama Zainabu. Sasa nimtume nani kwako, Ami, ila wewe mwenyewe? Naposa kwa mkono wangu. Swalha anajua kuwa nitaandika, na yeye yuko radhi. Tangu siku niliyomwambia hivyo sijamtumia neno hata moja, maana msichana akishaposwa si adabu kumzunguka baba yake. Nangoja jibu lako.

Mwanao, Ameir

Mkunazini, Unguja, 21 Machi 2024

Mwanangu Ameir,

Waalaykum salaam, na marahaba. Tumo katika Ramadhani, kumi la kwanza linakatika. Goti limekataa tarawehe, naswali kwenye kiti kama waziri. Paa linavuja pale pale. Mama Zainabu kaweka beseni chumba cha kati na jingine juu ya kabati, na tunafuturu tukisikiliza matone. Mafundi nimewaita wawili, wote wakaangalia juu, wakatikisa vichwa, wakaenda zao.

"Meneja." Wallahi nilicheka hadi nikapaliwa na tende. Umefanya vyema kuniletea, maana kazi hii ukimpa kijana wa leo atakuandikia "bosi mkubwa" na "bosi mdogo". Sikiliza. Huyo Aldamani ni Liwali, usitafute kwengine. Rivi ni Mudiri. Keoli ni mngwana wa kawaida, na wakikusanyika na mikuki yao hilo si jeshi, ni mgambo; waambie Wachina hao wasichanganye. Thegni usimwite askari. Askari hulipwa. Thegni ana chake, anakaa alipokaa baba yake na babu yake, na akiingia watu husogea. Huyo ni Mwinyi.

Theo ndiye anayetaka uangalifu, na hapa nataka usome polepole. Usiandike "mtumwa" ukadhani umemaliza. Kuna mtwana, aliyenunuliwa akaletwa. Huyu anajua ametoka wapi na anajua yuko wapi. Na kuna mzalia. Mzalia kazaliwa chini ya ngazi zako, kala chungu chako, kajua majina ya watoto wako wote na siri za ndoa yako. Kuna siku utamkuta kakaa kwenye kiti, na ukimtazama, hajui kwa nini unamtazama. Mtwana hutoroka. Mzalia husahau. Mimi kati ya wawili hao namwogopa anayesahau.

Swalha hajambo, yuko jikoni na sambusa. Mama Zainabu anakusalimu, anasema uvae soksi.

Ami yako, Abdulwakil

Guangzhou, 5 Mei 2024

Ami yangu,

Nakushika miguu. Nimefurahi kusikia kwa Murshid kwamba Idi ilikuwa njema. Aliniletea barua yako na visheti vya Mama Zainabu, ingawa nusu alivila ndegeni na hakuona haya kuniambia. Sisi tuliswali Idi hapa pamoja na Wasomali, Wachina wa dini na Waturuki, kisha Watanzania tukaenda kula Xiaobei, kwenye mtaa wa Waafrika, ambako pilau lipo ila lina sukari.

Liwali, Mudiri na mgambo vimepita. Mwinyi laoban kaipenda zaidi ya vyote, anazunguka nayo ofisini akiisema, "Mwini, Mwini." Sasa tuko kwenye kanuni za kupanda cheo, nazo zimenikalia moyoni, nikaona nikuandikie. Keoli anaweza kuwa Thegni. Akishika ardhi yake, na mwanawe akaishika, na mjukuu akaishika, huyo mjukuu na kizazi chake ni Mwinyi moja kwa moja, hakuna wa kumuuliza. Hiyo njia ya kwanza. Ya pili ni ya wafanyabiashara: mtu akivuka bahari kuu mara tatu kwa mali yake mwenyewe, anapewa haki zote za Thegni, upanga na kiti. Nilipoisoma nilitabasamu. Nikasema, kumbe hata hao washenzi wa mapanga walijua kwamba mtu akitoka akaenda mbali akarudi, hawezi kuwa yule yule.

Ami, nilikuuliza jambo mwezi wa tatu. Umenijibu kurasa mbili juu ya mzalia, na laoban aliniomba neno moja tu. Basi niseme wazi, nisije nikaonekana sijui kusoma. Najua bibi yake mama yangu alizaliwa chini ya ngazi za nyumba hiyo. Najua mama yangu Mize alipika jikoni mwenu kabla baba hajamtaka. Si siri, Mkunazini nzima inajua, na skulini nilitukanwa nalo. Lakini baba alimwoa kwa mahari na mashahidi, na mmoja wa mashahidi ulikuwa wewe. Mimi ni mtoto wa Gharib, na Swalha ni binti ami yangu. Kama ni hapana, niambie hapana. Nitalia, nitanyamaza, nitaendelea kukuita Ami.

Mwanao, Ameir

Mkunazini, Unguja, 2 Juni 2024

Mwanangu Ameir,

Salamu nyingi na dua. Masika haya yametutesa. Dari ya chumba cha kati imedondoka kipande, Alhamdulillahi hakuna aliyekuwa chini yake. Jirani yetu Rashid kafariki, Mungu amrehemu, kazikwa mvua ikinyesha. Mama Zainabu ana kikohozi lakini anagomba kama kawaida, kwa hivyo sina wasiwasi naye.

Kanuni zako nimezisoma na nimezifurahia. Hasa ile ya bahari. Nimeirudia mara kadhaa na nimemsomea Murshid alipokuja kunitazama, naye kafurahi. Lakini Wachina wako wameacha tundu, na wewe hukuliona. Thegni akizaa na mzalia, mtoto anakaa wapi? Nimefikiri kwa niaba yao. Mpeni farasi. Mpeni elimu, hata ya nchi za mbali. Mpeni upanga apigane vita vyenu, na akifa mzikeni vizuri. Kiti cha ukumbini msimpe. Akae karibu na mlango, joto la moto litamfika pale pale, na ashukuru.

Hiyo ni kwa ajili ya mchezo.

Sasa ya nyumbani. Swalha anahitaji vitu vya sanduku la bi harusi. Darajani kumejaa takataka, na wewe una macho na uko vinakotoka. Mtafutie viatu, namba thelathini na nane, mguu wake mwembamba. Mikoba, mabuibui mawili matatu ya heshima, mashuka, nguo za kulalia, na vipodozi ambavyo havitamchubua. Mama Zainabu anasema rangi anayoipenda wewe unaijua. Usibane mkono. Murshid atabeba pamoja na mzigo wake.

Ami yako, Abdulwakil

Guangzhou, 30 Juni 2024

Ami yangu, baba yangu,

Nakushika miguu yote miwili na mikono. Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama mbele ya duka la kago, la kusafirishia mizigo, nikakaa chini kwenye maroba ya nguo ya watu, mwenye maroba akanifukuza, nikamwamkia.

Kumbe ulikuwa unanipima. Uliponiandikia ile ya mtoto wa Thegni na mzalia nilikasirika, nikataka kukujibu kwamba dini imeshalimaliza hilo, mtoto hufuata baba. Kisha nikafika kwenye sanduku. Nani hujaza sanduku la bi harusi ila bwana harusi? Ungeweza kuandika "nimekubali", lakini wewe, Ami, hujapata kusema jambo zuri bila kwanza kumchubua mtu. Leo sina ugomvi na wewe.

Poleni kwa Rashid. Poleni kwa dari.

Sasa nikueleze sanduku, umsomee Mama Zainabu. Nilikwenda Guangyuan Xilu, kule kwenye majumba ya nguo za jumla karibu na stesheni, ambako wachukuzi wanakugonga na maroba na wewe ndiye unayetukanwa. Wengi hawauzi kimoja kimoja. Ukiomba pea moja wanakwambia "meiyou", hakuna, na pea mia ziko nyuma yake. Nilimchukua Judica, binti mmoja wa Kipare anayesoma famasia, kwa kuwa mguu wake ni thelathini na nane. Masikini, alivaa na kuvua viatu siku nzima na hajalalamika, ila alisema huyo Swalha siku akipika asipomwita, atamtambua. Rangi ni ya zambarau iliyoiva. Nimepata mkoba wa rangi hiyo na viatu vyake. Mabuibui matatu, moja lina nakshi kidogo mkononi, halipigi kelele. Mashuka pamba tupu. Udi sikununua, wa huku unanuka sabuni.

Murshid alinifuata mchana kutwa. Aliushika ule mkoba, akasema, "Huu utampendeza." Nikamwambia, wewe unajuaje kitakachompendeza? Akacheka, akanunua maji akatugaia.

Posho yangu ya mfadhili ya miezi kadhaa imekwenda, na sijui fedha iliyowahi kunitoka kwa raha namna hii. Nitamaliza muhula Januari. Kama mtaona vyema, ndoa iwe mwezi huo. Bado sijamwandikia Swalha. Nimesema nitangoja hadi unipe ruhusa, lakini sasa naona nikuombe: niruhusu nimsalimie.

Mwanao, na sasa mara mbili, Ameir

Mkunazini, Unguja, 4 Septemba 2024

Mwanangu Ameir,

Salamu, na ziada ya salamu, maana nimekawia. Barua hii anakuletea Abass wa Tanga; Murshid mwezi huu hasafiri. Hapa tu wazima. Mama Zainabu kikohozi kimemwacha. Wakati naandika, mafundi wako juu ya kichwa changu, wameng'oa bati zote za zamani na kubadilisha boriti tatu. Wanapiga nyundo tangu asubuhi na mimi naisikia kama qasida.

Sanduku lilifika salama. Wanawake walilifungua sebuleni, kila kitu kikapita mkono kwa mkono, na vigelegele vikapigwa. Viatu vimemkaa. Ndoa ilifungwa Ijumaa ya pili ya Agosti baada ya alasiri, na bi harusi alitulia kama inavyopasa. Mume wake ni Murshid.

Najua utasema nimekudanganya. Isome tena barua yangu ya Juni. Nilikuomba ununue vitu, kwa sababu una macho. Sikuandika kwamba ni vyako kuvipeleka. Umejaza mwenyewe pale nilipoacha wazi. Ulichotumia Murshid atakurudishia, usione haya kupokea.

Na sababu usiitafute mbali, umenipa wewe. Mfanyabiashara avukaye bahari kuu mara tatu kwa mali yake mwenyewe. Nilipolisoma hilo nikasema, basi, hata makafiri wameliona. Murshid kavuka mara ngapi, hata yeye hajui. Wewe umevuka mara moja, na hukuvuka, umevushwa. Tiketi ya mfadhili, chakula cha mfadhili, godoro la mfadhili. Kila ulichonacho umepewa na mtu. Hilo halikuanza China.

Nimekulea, sijakunyima sahani. Lakini sahani na kiti ni vitu viwili, na kosa ni langu kutokufundisha hivyo ukiwa mdogo. Endelea na masomo. Mama Zainabu anakusalimu, hakusema zaidi.

Ami yako, Abdulwakil

Mkunazini, Unguja, 10 Novemba 2024

Ameir,

Hujajibu. Abass anasema umzima na unakwenda darasani. Mama Zainabu anauliza kila Ijumaa kama kuna barua. Kukasirika una haki, kususa huna. Andika.

Abdulwakil

Guangzhou, 15 Desemba 2024

Ami Abdulwakil,

Salamu zako za Septemba na za Novemba zimefika. Mimi mzima. Mama Zainabu mwambie navaa soksi.

Murshid alikuja akanitolea bahasha, nikamwambia amnunulie mkewe udi. Hakujua aangalie wapi. Sidhani kama yeye alijua mpango wako wote. Ana akili ya biashara tu, hana ubaya wa kutosha.

Nikupe habari za Wesmera, kwa vile ulinisaidia. Mchezo umetoka wiki iliyopita. Liwali ipo, Mudiri ipo, Mwinyi ipo. Kuna badiliko moja nililomshauri laoban, naye kalikubali mara moja kwa sababu linawafanya watu wacheze kwa muda mrefu. Hakuna anayezaliwa Mwinyi. Kila anayeufungua mchezo, awe nani, anaanza mzalia, chini ya ngazi, na neno hilo limeandikwa juu ya kichwa chake kwa herufi za dhahabu. Kutoka hapo anapanda mpaka ufalme akiweza. Maelezo ya mzalia nimeyachukua kwako neno kwa neno, yamesifiwa sana.

Na babu yake Murshid alikuwa hamali wa gati la Malindi, ulimjua kwa jina na ulikuwa ukimwita kwa mluzi. Umenisimulia mwenyewe. Kumbe vizazi vitatu hufutika mtu akikuletea mabati ya paa.

Ameir

Mkunazini, Unguja, 12 Januari 2025

Ameir,

Salamu. Nyumba kavu. Mama Zainabu hajambo. Watoto wa uchochoroni wanaitana wazalia kutwa na kucheka, na jana mmoja kaniuliza mimi nimefika cheo gani. Nimekuelewa. Tuliache.

Nakuandikia jambo la lazima, na naliandika waziwazi, maana safari hii sitaki ujaze mwenyewe. Murshid kafungua ofisi ya kago hapo Xiaobei na Swalha anakuja kukaa naye. Atafika mwisho wa mwezi. Murshid huenda akawa kwenye viwanda vya jinzi huko Xintang, kwa hivyo nenda uwanja wa ndege umpokee. Wewe ni kaka yake.

Kabla hamjaonana ujue hili. Swalha hakumtaka Murshid. Alikuwa anakungoja wewe, akasema hali chakula mpaka barua yako isomwe mbele yake. Alikaa hivyo, na mama yake akawa analia, nyumba haikaliki. Nikamwambia kwamba nilikuandikia mimi mwenyewe nikakupa mkono wake, na wewe ukakataa. Kwamba ulisema huwezi kuoa katika nyumba ambamo mama yako alipika. Naye alikuwa anajua hujamtumia salamu tangu Februari, kwa hivyo akaniamini. Jioni ile akala.

Sikuombi radhi. Baba hufanya lililobidi. Sasa ana mume na ana mimba, na moyo wake umetulia juu ya neno hilo, ukilitoa utaporomoka wote. Akikuuliza, nyamaza. Hutakuwa umesema uongo. Nakuamuru kama baba uliyenaye.

Abdulwakil

Guangzhou, 23 Februari 2025

Ami yangu Abdulwakil,

Assalaam alaykum. Nakushika miguu, na Mama Zainabu pia. Nafurahi nyumba ni kavu. Ramadhani inaingia wiki hii, Mungu aikubali yenu na yetu. Huku kuta zimeanza tena kutoka jasho.

Nilikwenda uwanja wa ndege kama ulivyoagiza. Swalha alitoka na buibui lenye nakshi mkononi na mkoba wa zambarau. Hakuniita kaka, hakuniita chochote. Alinipa begi nikalibeba, akatangulia mbele yangu hadi kwenye teksi, na garini akakaa anatazama dirishani. Ngazi za nyumba yao Xiaobei nilipanda nyuma yake na mizigo yote. Tulipofika, aliniambia niiweke mlangoni, akaniambia ahsante kama unavyomwambia mchukuzi. Mtu mwingine angesema kajifunza kwako. Mimi nilijua ameumia.

Murshid ni mume mwema, na mwambie Mama Zainabu asiwe na hofu. Anamnunulia maembe ya bei ya dhahabu. Wamenialika chakula kila Ijumaa na nimekwenda, kwa kuwa ningekataa ingeonekana ni kweli. Swalha hunipakulia wa mwisho. Murshid akiniuliza masomo, yeye huinuka akaenda jikoni.

Wiki jana Murshid alikuwa Xintang anahesabu kontena. Swalha alinipigia akasema mfereji wa maji umekatika, nije nizungumze na fundi wa Kichina. Nikaja, fundi akatengeneza, akaondoka. Swalha alisimama pale na kitambaa cha kufutia mkononi, na tumbo limeshamtoka. Akaniambia, "Mama yangu alikukosea nini, Ameir? Mimi kama nilikukosea, sawa. Lakini mama aliyekuvua nguo zako za skuli akazifua, akakuuguza surua. Umeona ni jikoni tu?" Hakupiga kelele. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta, kitambaa kilikuwa mkononi.

Hapo nilikuwa nimesimama, na amri yako nimeibeba.

Sasa nataka nikwambie kitu, Ami. Uliniamuru ninyamaze na nimekubali. Katika nyumba yako nimejifunza kunyamaza kabla ya kusoma, na mwaka jana nimepata mwalimu aliyebobea. Ila ukimya wangu nimeuleta kwako. Huenda nilimtazama Swalha nisiseme kitu, akaamini ulichompa, na akaamini hadi kufa kwake. Huenda nilimkalisha kwenye kiti nikamweleza yote, posa yangu, sanduku, na nyundo za mafundi juu ya kichwa chako. Sikwambii lipi. Usimtume Abass aniulize, na usimwandikie Murshid, hajui kitu. Hii ni barua yangu ya mwisho kwako, si kwa hasira, ni kwa sababu sina zaidi.

Baada ya Idi anarudi. Mwenye mimba ya kwanza hujifungulia kwa wazazi, hiyo nayo ni desturi, na wewe huvunji desturi. Atakaa kwako mpaka arubaini zimalizike. Atakuletea chai asubuhi. Kuna siku atakaa kimya, na utajiuliza ni uchovu wa mimba au ni jambo jingine. Kuna siku atakutazama zaidi kidogo ya kawaida. Hata akicheka utajiuliza. Ukimbeba mjukuu wako na yeye akamchukua mikononi mwako haraka, utakaa usiku mzima unalifikiri hilo.

Ukishindwa kuvumilia, muulize mwenyewe. Lakini huwezi kumuuliza, Ami, bila kumwambia.

Ameir bin Gharib, mtoto wa Mize